Kupanda Vilima vya Dodoma Ukishavuka Miaka 60: Jifunze Kushuka Kwanza

Nilianguka nikiwa nimebakiza kama hatua 200 kufika barabarani. Kileleni nilishafika, picha nilishapiga, na shemeji yangu aliyekuwa mbele alishaanza kuzungumzia chai. Nikakanyaga changarawe iliyotanda juu ya mwamba mtupu, mguu wa kulia ukachomoka kama nimekanyaga maharage yaliyomwagika sakafuni, nikajikinga kwa mkono. Kifundo cha mkono kikavunjika. Nilikaa na hogo wiki 6.

Nilikuwa na miaka 63 wakati huo, mwalimu mstaafu, mtu wa kutembea kila siku kwenda sokoni na kurudi. Nilijiona nina nguvu, na kweli nilikuwa nazo, ila zote nilizitumia kupanda. Wiki zile 6 nilipata muda wa kutosha kulifikiria jambo hili, na tangu hapo nimewauliza wazee wenzangu wengi waliowahi kuumia milimani. Karibu kila mmoja ananiambia aliumia akiwa anarudi.

Leo tuko watano mtaani kwetu, mdogo ana miaka 61 na mkubwa ana 74. Jumamosi za kiangazi tunapanda pamoja. Wawili wana presha, mmoja ana kisukari, na hakuna hata mmoja ambaye magoti yake ni ya zamani zile. Haya ninayoandika ndiyo tunayoyafanya.

1. Pita kliniki kabla ya kununua viatu

Usiende kuomba ruhusa ya kupanda mlima, maana wengi watakujibu "pumzika, mzee." Nenda na maswali yaliyonyooka. Presha yangu imetulia? Dawa ninazomeza zinanifanya nikojoe sana au nipate kizunguzungu nikisimama ghafla? Siku ya kutembea muda mrefu, kidonge nikinywe saa ngapi? Mwenye kisukari aulize kuhusu dawa zinazoshusha sukari, kwa sababu kutembea nako kunaishusha. Mwenye shida ya moyo au figo aulize kiasi cha maji anachoruhusiwa, kwani ushauri wa jumla wa "kunywa mengi" haumfai kila mtu.

Ukiwa na maumivu ya kifua unapotembea, ukiishiwa pumzi kwenye tambarare, au ukiwa umewahi kuzimia, hapo usianze mpaka daktari akuchunguze.

2. Jipime ukiwa nyumbani

Chukua kiti cha kawaida kisicho na matairi, kiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa tena na tena kwa sekunde 30 huku mtu anakuhesabia. Mwanaume wa miaka 65 hadi 69 anatarajiwa kufikisha angalau mara 12, mwanamke wa umri huohuo angalau mara 11. Ukiwa chini ya hapo usivunjike moyo, ila ujue miguu inahitaji kazi kabla ya mlima.

Halafu simama karibu na meza, inua mguu mmoja, hesabu hadi 10 bila kushika. Badilisha. Wengi wetu tuligundua mguu mmoja ni mzuri na mwingine unayumba. Mguu unaoyumba ndio utakaokuangusha, kwa hiyo ufundishe: simama nao kila unapopiga mswaki, mkono mmoja ukiwa tayari kushika ukuta.

3. Wiki 6 za tofali

Hapa ningeomba usome polepole, kwa sababu hiki ndicho kilichobadilisha magoti yetu.

Unapopanda, misuli ya mapaja inajikunja na kukusukuma juu. Unachoka, unahema, mwili unakuonya mapema. Unaposhuka, misuli ileile inavutwa irefuke huku imebeba uzito wako wote, ikifanya kazi ya breki. Pumzi huisikii ikikata, kwa hiyo unajiona uko sawa. Kumbe mapaja yanachoka kimyakimya, na siku ya pili na ya tatu ndipo yanapouma hata kukaa chooni inakuwa kazi. Mlima hupandwa kwa pumzi na kushukwa kwa mapaja. Jambo jema ni kwamba misuli ikishazoeshwa kushuka kidogokidogo, safari inayofuata haiumii vile.

Basi tafuta tofali la saruji la inchi 6, lilaze mahali pagumu karibu na ukuta, uhakikishe halichezi. Panda juu yake kwa mguu mmoja. Mguu mwingine uache uning'inie pembeni, kisha ushushe kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisigino kiguse ardhi kwa upole, kama unaogopa kumwamsha mtoto. Rudi juu. Mara 8 kwa kila mguu, pumzika, rudia mpaka ziwe raundi 3. Angalia goti la mguu uliobaki juu ya tofali: liende mbele kuelekea kidole cha pili, lisiingie ndani kulifuata goti lingine. Ukishindwa kulizuia, tofali ni refu kwako, tafuta kitu kifupi zaidi. Misuli ikiwaka moto, endelea. Goti likichoma kwa ndani, acha.

Fanya hivyo mara 3 kwa wiki. Siku nyingine tembea. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na sisi wa miaka 65 na zaidi tuongeze mazoezi ya mizani ya mwili siku 3 au zaidi. Hapa mjini unaweza kuanzia Chinangali Park ambako pametandazwa vizuri, kisha uhamie njia za vumbi zenye miinuko midogo kuelekea upande wa Chuo Kikuu. Wiki ya 5 na ya 6 tembea ukiwa na begi lako lenye maji, ili mgongo ulizoee.

4. Chagua mlima, chagua mwezi

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa si tatizo. Tatizo ni jua na ukavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba na kuisha Aprili. Wakati huo njia zimefunikwa na majani, hujui unakanyaga nini, na miamba inateleza. Oktoba na Novemba joto linapita nyuzi 30. Miezi yetu ni Juni, Julai na Agosti: asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, na majani yamekauka kiasi kwamba njia inaonekana.

Ila miezi hiyo ndiyo ya upepo. Upepo wa Dodoma unakausha jasho kabla hujalihisi, shati linabaki kavu na wewe unadhani hupotezi maji. Unapoteza. Tena upepo huo unarusha vumbi machoni, kwa hiyo kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni, na kina mama kanga ya kufunga kichwani inafaa sana.

Kwa kuanzia, vilima vya mjini vinatosha. Mlima Mlimwa uko jirani na watu, unaona mji wote ukiwa juu, na ukipata shida msaada hauko mbali. Usiende peke yako, na usiache kuuliza kwa mwenyekiti wa mtaa au wakazi wa chini ya mlima kama njia unayotaka ni salama na inaruhusiwa. Ukipita kijijini anza na "Mbukwenyi," salamu ya Wagogo. Mtu uliyemsalimia vizuri asubuhi ndiye atakayeshangaa jioni akiona hujarudi.

Ukishazoea, nenda Kolo, Kondoa. Naipenda safari hii kuliko zote. Ni barabara ya lami iendayo Babati, unapita Kondoa mjini na kuendelea kaskazini. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951. Unajiandikisha ofisini pale Kolo na kupewa mwongozaji. Kupanda si kurefu, ila mwishoni kunasimama kweli, mawe kwa mawe, na hapo ndipo wiki zako za tofali zitalipa. Mwambie mwongozaji tangu chini: "Kijana wangu, tutakwenda mwendo wetu." Vijana wale wanapanda kama pimbi na hawajui wanakuacha. Juu, ukishakaa kivulini mwa mwamba na kuzitazama zile sura nyembamba nyekundu, usiguse wala kumwagia maji ili rangi zionekane. Mungomi wa Kolo, eneo lenye michoro hiyo, ni mahali ambapo Warangi bado wanafanyia matambiko, kwa hiyo tembea kwa adabu ya mgeni.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Mlima Hanang, kule Manyara. Ni zaidi ya mita 3,400, siku nzima ya kupanda na kushuka, na juu ya mita 2,500 mtu anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko. Baadhi ya wazee wanaupanda. Mimi ningesema uwe na misimu miwili ya vilima miguuni kabla ya kuufikiria, na kamwe usiende wakati wa mvua. Tope lililoshuka Katesh, mji ulio chini yake, Desemba 2023 lilichukua watu wengi, na mlima ule unastahili heshima.

5. Miguuni na mikononi

Viatu viwe na soli yenye meno, vishike kisigino, na mbele kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nafasi hiyo ni ya kushukia, maana mguu husogea mbele na kucha hugonga kiatu. Kata kucha siku mbili kabla. Raba za mtumba ni nzuri sana ukichagua kwa utulivu: kunja kiatu, kikikunjika katikati ya unyayo kiache, kinatakiwa kukunjikia kwenye vidole. Kagua gundi ya soli pia, kiatu kilichokaa sana hubanduka siku ya kwanza juani. Viatu vipya vaa nyumbani wiki mbili kwanza.

Fimbo ziwe mbili. Najua mzee wa Kigogo na fimbo yake moja ni kitu kimoja, na ile moja ni bora kuliko mikono mitupu. Lakini mbili zinapunguza mzigo magotini pande zote, na mguu ukiteleza unabaki na nguzo mbili badala ya moja. Si lazima za dukani. Kata mti mgumu, ulionyooka, urefu wake ni pale ambapo ukiushika kiwiko kinakunjika sawasawa kama kona ya meza. Fundi viatu atakupigilia kipande cha mpira wa tairi chini ili ishike mwambani. Unaposhuka, shika juu zaidi au tumia ndefu kidogo, kwa sababu ardhi ya mbele iko chini.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: miwani. Ukivaa ile yenye lenzi mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, ukiangalia miguuni unatazama kupitia sehemu ya kusomea na jiwe linaonekana limekaa mahali silo. Kama unayo ya mbali peke yake, vaa hiyo mlimani.

6. Maji na mfuko

Kadiri umri unavyokwenda, kiu inachelewa. Ukingoja kuisikia umeshachelewa. Tunakunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20, jumla kama nusu lita kwa saa, na kila mtu anabeba lita 2. Pakiti moja ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, haina uzito, iweke. Chakula chepesi: karanga, ndizi mbivu, kiazi kitamu cha kuchemsha, ubuyu wa kumung'unya. Ugali mzito asubuhi hiyo uahirishe.

Mwenye kisukari abebe sukari mfukoni, si kwenye begi. Jirani yetu siku moja alianza kutetemeka, jasho la baridi likamtoka, akawa anajibu maswali kwa hasira isiyo yake. Tulimpa vijiko vinne vya sukari kwenye maji, tukangoja dakika 15, akarudi kuwa yeye. Kisha akala ndizi na karanga, na sote tukashuka.

Weka pia dawa zako za siku, karatasi yenye majina ya dawa hizo na namba ya mtu wa nyumbani, kadi ya bima, filimbi, tochi, bandeji, na simu iliyojaa chaji.

7. Asubuhi yenyewe

Mwachie mtu wa nyumbani habari tatu: mnapanda upande gani, mko wangapi, saa ngapi aanze kupiga simu. Tunakuwa chini ya mlima saa 12 na nusu asubuhi. Kabla ya kuanza tunakubaliana saa ya kugeuka, na kwa Mlimwa huwa ni saa 2 na nusu. Ikifika hiyo tunageuka hata kama kilele kiko pale tunakiona. Siku niliyoanguka hatukuwa na saa ya kugeuka. Tulifika juu karibu na saa 5, tukashuka jua la utosini maji yakiwa yameisha.

Mwendo ni wa kuongea. Ukiweza kusimulia habari ya sentensi nzima bila kukata, uko sawa. Ukibaki na "ndiyo" na "hapana," punguza. Anayekwenda polepole ndiye anatangulia, wote tunamfuata, na hakuna anayemwambia pole. Kila baada ya dakika 20 tunasimama kivulini. Usikae chini muda mrefu, magoti yanaganda.

8. Kushuka

Juu, kabla ya kugeuka, tunafanya mambo manne bila kukosa. Tunakula. Tunakunywa. Tunafungua viatu na kuvifunga upya, tukikaza sehemu ya kifundo ili mguu usiteleze mbele. Tunazima stori ya chai, maana akili ikishafika nyumbani miguu inabaki peke yake.

Miamba ya Dodoma ni ya matale, yaani graniti. Inamomonyoka na kuacha punje nene za mchanga zilizotawanyika juu ya jiwe gumu, na hizo ndizo zilizonivunja mkono. Zikiwa nyingi zinang'aa kidogo jua likiwa pembeni. Ukiona, tafuta njia ya kuzunguka pembeni penye udongo au nyasi. Kama hakuna, weka fimbo zote mbili chini kwanza, kisha mguu, na ukanyage kwa unyayo mzima. Kukanyaga kwa kisigino pekee ndiko kunakokuchota.

Hatua ziwe fupi, fupi kuliko unavyodhani inahitajika. Magoti yabaki yamelegea kidogo, mwili uegemee mbele kidogo juu ya miguu. Woga unatuvuta nyuma, na ukiegemea nyuma miguu inakimbia mbele. Kwenye mteremko mkali, shuka kiubavu au kata pindapinda. Penye jiwe refu, kaa chini, ushuke kwa makalio. Suruali inafuliwa. Usishike tawi la mti wa miba, na usiingize mkono kwenye ufa wa mwamba usiouona ndani, nyoka na nyuki wanaishi humo.

Ukisikia mapaja yanaanza kutetemeka, simama papo hapo, hata kama umebakiza hatua 200.

9. Likitokea la kutokea

Nyuki: funika uso, ondoka haraka kadiri miguu inavyoruhusu, usiwapige. Mibuyu yenye mashimo huwa na mizinga, pita mbali, na usijipake manukato. Nyoka: usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na saa, tuliza kiungo kisicheze, mpeleke mgonjwa hospitali.

Kichwa kikiuma, kichefuchefu, ngozi imelowa jasho: hilo ni joto. Kivuli, maji kidogokidogo, kitambaa kibichi shingoni na kwapani, na safari imeisha. Akianza kuchanganyikiwa, endelea kumpoza na mwite msaada bila kungoja. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, usimtembeze, piga simu. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukianguka, usiinuke mara moja. Lala, chezesha vidole vya miguu, vya mikono, shingo, ndipo uinuke.

10. Nyumbani

Tukifika chini tunatembea tambarare dakika 10 kabla ya kuita bajaji. Nyumbani, maji ya uvuguvugu kwenye beseni, miguu ndani, kisha kukagua. Jirani yetu wa kisukari hasikii vizuri nyayo zake, anaweza kuwa na lengelenge au mbigili iliyozama asijue. Mjukuu wake wa darasa la tatu ndiye anayekagua. Anakaa kwenye kigoda, anamwinua bibi mguu kwa mikono miwili, anapitisha kidole kati ya kila kidole, na akiona wekundu anatangaza kwa sauti, "Bibi, hapa!"